Sadaka: jinsi ya kutoa bila kumvua mtu sitara

Duka la mtaani kwetu, hapa Tanga, lina kaunta buku moja iliyochakaa pembe zote, na ndani yake mna madeni ya nusu ya mtaa. Usiku mmoja wa mwisho wa Shaaban, baada ya Isha, nilimuuliza mwenye duka: ni nani anadaiwa humu na unaona kabisa hana pa kutoa? Hakunitajia mtu. Alifunua kurasa, akafika mahali akasimama, akaliweka dole gumba lake juu ya jina, kisha akanigeuzia daftari nisome hesabu tu. Unga kilo moja. Sabuni kipande. Mafuta ya kupima. Unga nusu. Unga nusu. Jumla 38,400.

Nililipa, akapiga mstari ukurasa mzima. "Akija nimwambie nini?" Nikamwambia amwambie limelipwa, basi. Mpaka leo sijui nililipia deni la nani, na huenda hunipa salamu kila asubuhi.

Lile dole gumba lilinifundisha kuhusu sadaka kuliko mawaidha mengi niliyosikiliza. Kutoa pesa si kazi ngumu sana. Kazi ni kuifikisha kwa anayestahiki bila kumwacha ameaibika. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa jicho hilo.

Kwanza, jua unachotoa ni kipi

Watu wengi huchanganya zaka na sadaka, halafu mwisho wa mwaka hawajui wamelipa nini. Zaka ni faradhi. Ina kiwango, ambacho kwa fedha na mali ya biashara ni asilimia 2.5, yaani fungu moja katika arobaini. Ina nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, inayokadiriwa kwa gramu 85 za dhahabu. Inangoja mwaka wa Kiislamu utimie, na ina watu wake wanane waliotajwa katika sura ya Tawba, aya ya 60. Zakatul-fitri nayo ina utaratibu wake: pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, kabla ya sala ya Idi.

Sadaka ya sunna haina kiwango, haina msimu, na mlango wake ni mpana. Unaweza kumpa mzazi wako au mwanao mkubwa, ambao zaka yako haiwahusu kwa kuwa matunzo yao yakihitajika ni juu yako. Unaweza kumpa jirani asiye Mwislamu. Asmaa binti Abu Bakr alipojiwa na mama yake ambaye hakuwa amesilimu, alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfanyie wema, akaambiwa amuunge mama yake.

Kabla hujafungua mkoba, tazama nani anakudai. Deni lililofika muda wake linatangulia. Mshahara wa dada wa kazi unatangulia pia, na hapa nasema wazi kwa sababu nimeyaona: mtu anapeleka magunia ya mchele msikitini huku binti anayemwoshea vyombo anamdai miezi miwili. Ule mchele una mwenyewe, na mwenyewe yuko jikoni.

Angalia mali yenyewe

Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mwenyezi Mungu ni mwema na hakubali ila kilicho chema. Pesa ya rushwa haitakasiki kwa kutiwa katika kapu la sadaka. Upande wa pili wa jambo hilo umo katika sura ya Baqara, aya ya 267: msikusudie kutoa kibovu ambacho nyinyi wenyewe msingekipokea ila kwa kufumba macho.

Kipimo cha kufumba macho ni kizuri sana kwa nguo. Mwaga mfuko wa nguo unazotaka kutoa kitandani, uzishike moja moja. Shati halina vifungo viwili: tia vifungo au lifanye tambara. Kanzu ina doa la mchuzi kifuani: fua kwanza. Viatu vimeachia soli: peleka kwa fundi. Kisha kunja kila kitu kama unampelekea shemeji yako. Anayepokea anaona namna kitu kilivyokunjwa kabla hajaona ni kitu gani.

Panga kiasi utakachokiweza mwezi ujao pia

Kaab bin Malik, toba yake ilipokubaliwa baada ya kubaki nyuma katika safari ya vita ya Tabuk, alitaka kutoa mali yake yote kwa furaha. Mtume akamwambia abakishe sehemu ya mali yake, hilo ni bora kwake. Saad bin Abi Waqqas, akiwa mgonjwa akidhani anakufa, alitaka kuusia theluthi mbili, akashushwa hadi theluthi moja, na akaambiwa theluthi nayo ni nyingi. Kuwaacha warithi wako wanajiweza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Ni kweli Abu Bakr aliwahi kuleta vyote alivyokuwa navyo. Lakini yule alikuwa Abu Bakr, na nyumba yake ilikuwa radhi pamoja naye. Wewe ukitoa ada ya shule ya mwanao kwa sababu mhubiri alikuliza machozi Ijumaa, Jumatatu utakuwa unazunguka kukopa.

Njia ninayoitumia ni kibubu. Kiko juu ya kabati la vyombo, na kila siku kabla sijatoka natia shilingi 1,000. Siku ambayo sina, natia 200. Mwezi ukiisha kinakuwa na pesa inayoweza kufanya kitu: kulipa ukurasa wa daftari, dawa za presha za mwezi kwa mzee mmoja, sare ya mtoto. Amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu japo ni kidogo, na kibubu kina faida nyingine ambayo sikuitarajia: watoto wangu wameanza kutia sarafu zao bila kuambiwa, na kugombana nani anatia kwanza.

Kama hata 200 hakuna, kuna hadithi ya Adi bin Hatim: jikingeni na Moto japo kwa kipande cha tende.

Anza na walio karibu, hata yule msiyeelewana

Abu Talha alikuwa na mitende mingi kuliko Waansari wengine wa Madina, na bustani aliyoipenda kuliko zote ikiitwa Bayruha. Ilikuwa mkabala wa msikiti, na Mtume alikuwa akiingia humo kunywa maji yake matamu. Iliposhuka aya ya 92 ya Al-Imran, kwamba hamtaufikia wema mpaka mtoe katika mnavyovipenda, Abu Talha alikwenda kusema kwamba Bayruha ni sadaka, aielekeze Mtume atakapoona. Angeweza kuambiwa igawiwe wageni, wapiganaji, au mafukara waliolala msikitini. Aliambiwa awape jamaa zake. Akaigawa kwa ndugu na watoto wa ami zake.

Tena iko habari ya Zainab, mke wa Abdullah bin Masud. Alikwenda kuuliza kama inamtosheleza kumpa sadaka mumewe na mayatima anaowalea. Mlangoni akamkuta mwanamke mwingine amekuja na swali hilohilo. Wakamwomba Bilal awaulizie, na asiwataje. Jibu lilikuwa kwamba wana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Mke mwenye kipato anayemsaidia mume aliyeyumba anatoa sadaka, na asiyaone anayoyafanya kuwa balaa la nyumbani tu.

Sisi huwa tunafanya kinyume. Tunachangia mayatima wa mbali tuliowaona katika simu huku shangazi anakula mlo mmoja, kwa sababu shangazi tunamjua na maneno yake tunayajua. Basi fanya hivi: chukua karatasi, andika majina ya jamaa zako wa pande zote mbili, baba na mama, hadi watoto wa mjomba. Mbele ya kila jina andika mara ya mwisho ulipokwenda kwake. Majina utakayoona huyakumbuki tarehe ndiyo ya kuanza nayo. Wapo utakaowaona mna ugomvi, na Mtume amesema sadaka bora ni kwa jamaa anayekuwekea uadui moyoni. Ngumu kweli. Nimeifanya mara moja tu maishani, kwa mkono wa mtu mwingine, na hata hivyo nilichelewa wiki tatu.

Mimi katika orodha yangu nilimkuta binti wa mjomba, mjane, fundi nguo aliyekuwa akishonea kwa cherehani ya kuazima. Nilimnunulia ya kwake, ya miguu, mtumba lakini nzima. Nitarudi kwake.

Mtafute asiyeomba

Anayenyoosha mkono barabarani usimkemee. Sura ya Dhuha inakataza kumkaripia mwombaji. Mpe ulichojaaliwa au mwambie neno zuri. Ila Mtume alieleza kwamba masikini hasa si yule anayezunguka kwa watu akarudishwa na tonge moja au mbili. Ni yule asiyekuwa na cha kumtosha, watu wasimtambue wakampa, wala asisimame kuomba. Aya ya 273 ya Baqara inamchora mtu huyohuyo: asiyemjua humdhani tajiri kwa jinsi anavyojizuia.

Mtu wa namna hiyo humpati kwa kutangaza msikitini kwamba wenye shida wajiandikishe. Watakaojiandikisha ni waliozoea kujiandikisha. Waulize wanaoona bila kutaka kuona:

- mwenye duka, kama nilivyofanya mimi. Mtu akiacha kununua sukari halafu akaacha na unga, yeye ndiye wa kwanza kujua;
- mwenye duka la dawa, anayewaona watu wakinunua vidonge vitano wakati karatasi ya daktari inasema ishirini na moja;
- mwalimu wa darasa au wa madrasa, anayejua mtoto gani hubaki darasani wenzake wakienda kula.

Usiwaulize jina. Uliza haja, ukalipie palepale. Dawa ikilipwa dukani, mgonjwa anaifuata kama mteja.

Namna ya kukabidhi

Baqara aya ya 271 inasema mkizidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafukara ni bora zaidi kwenu. Katika watu saba watakaopewa kivuli siku ambayo hakuna kivuli kingine, yumo aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Basi hadharani kuna mahali pake, kwa mfano mchango wa msikiti ambapo mmoja akianza wengine wanafuata. Kwa mtu binafsi mwenye shida, ficha.

Ramadhani moja nilikuwa katika ugawaji wa futari ambao sitautaja ni wa nani. Mchele, sukari, tende, mafuta lita mbili, kila kitu kizuri. Ila ili kuupokea mfuko ilibidi usimame mbele ya bango, ushike mfuko, upigwe picha. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alivuta ukaya wa kanga mpaka puani, akaambiwa aushushe ili sura ionekane. Akaushusha. Baada ya picha hakuubeba mfuko kichwani kama wenzake. Aliufunika kwa kanga ya pili na kupita uchochoro wa nyuma. Waliotoa pesa ile, walioko mbali, wana haki ya kujua imefika, hilo nakubali kabisa. Wapelekeeni picha ya magunia, risiti ya duka, na idadi ya nyumba. Sura ya mtu si risiti.

Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. Ukimtumia mtu 20,000 bila ya kutolea, umemwachia hesabu ya kufanya mbele ya wakala. Andika ujumbe mfupi, "hii ni ya mahitaji ya nyumbani", na usimpigie dakika tano baadaye kuuliza kama imeingia kwa sauti ya kusubiri kushukuriwa.

Ukipeleka mwenyewe, nenda jioni, usiende na msafara, usikatae chai. Yule naye anataka kutoa kitu. Na ukishaondoka, kaa kimya milele. Masimbulizi, yaani kumkumbusha mtu wema uliomtendea, na maudhi hubatilisha sadaka. Aya ya 264 ya Baqara inayafananisha na udongo juu ya jabali, mvua kubwa ikanyesha, jabali likabaki tupu. Masimbulizi si lazima yawe makubwa. "Siku hizi hutuoni tena, eti mambo yamekunyookea?" hilo nalo linatosha.

Kama huna fedha

Kila kiungo cha mwili kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza: kusuluhisha wawili, kumsaidia mtu kupanda chombo chake, neno zuri, kuondoa kinachoudhi njiani. Anayepanda mti, akala ndege, mtu au mnyama, ni sadaka yake. Haya tunayajua tangu madrasa.

Linalosahauliwa ni la aya ya 280 ya Baqara, na linamhusu anayedai. Mdaiwa akiwa na dhiki, apewe muda mpaka apate, na kumsamehe kwa njia ya sadaka ni bora kwenu. Kwa hiyo mwenye duka anayechana ukurasa ametoa sadaka bila kugusa droo ya pesa. Nilimwambia hivyo wetu. Akacheka, akasema kurasa alizochana ni nyingi kuliko nilizolipa mimi, isipokuwa hakuna aliyemwona akichana.

Ukitaka iendelee baada yako

Mwanadamu akifa amali zake hukatika ila tatu: sadaka jariya, yaani inayoendelea, elimu inayonufaisha, au mtoto mwema anayemwombea. Mfano mkubwa wa sadaka jariya ni wa Umar bin Khattab. Alipata ardhi Khaybar, akasema hajapata mali anayoithamini kuliko hiyo. Mtume akamshauri azuie asili yake na kuyatoa mazao yake sadaka. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Huo ndio wakfu. Mazao yake kwa mafukara, jamaa, kuwakomboa watumwa, wasafiri na wageni. Na msimamizi ana ruhusa ya kula humo kwa wema bila kujilimbikizia. Wakfu unaonizidi umri mara tatu hapa pwani unafuata maneno hayohayo.

Tazama kifungu cha mwisho: msimamizi ametajwa na riziki yake imetajwa. Hapo ndipo tunapokosea. Nje ya mji nimewahi kuonyeshwa kisima cha pampu ya mkono, na jiwe la marumaru lenye jina la marehemu na tarehe, maandishi yanang'aa. Kuku walikuwa wamelala juu ya mpini. Kipuri cha ndani kilikatika mwaka wa pili, na hakuna aliyeachiwa fedha wala namba ya fundi. Akina mama walikuwa wakipita hapo na ndoo kwenda mtoni.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba: pata kibali cha maandishi cha mwenye ardhi. Pima maji, maana huku pwani kisima kinaweza kutoa maji ya chumvi. Toa mapema pesa ya vipuri pamoja na ya ujenzi. Kubaliana na kijiji nani anashika ufunguo na nani anachangisha. Kama fedha haitoshi kwa yote mawili, changia ukarabati wa kisima kilichokufa. Uthman bin Affan aliinunua bi'r Ruma, kisima kilichokuwepo tayari, akakiachia watu wanywe bure.

Kwa nyumba, duka au shamba, andika wakfu wako kwa mipaka, wanufaika na msimamizi, mbele ya mashahidi, na uusajili. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kenya wako Makamishna wa Wakfu. Tanzania Bara utahitaji mwanasheria na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Wakfu wa mdomo hufa na mashahidi wake. Fanya ukiwa na afya yako. Kinachotolewa katika maradhi ya kufa kinabanwa kwenye theluthi, na Mtume alipoulizwa sadaka kubwa zaidi ni ipi, alisema utoe ukiwa mzima, una choyo, unaogopa ufukara na unatamani utajiri, usingoje mpaka roho ifike kooni ndipo useme fulani apewe hiki.

Na kwa aliyekwisha kutangulia, inafaa pia. Saad bin Ubada alifiwa na mama yake akiwa safarini, akauliza kama sadaka itamfaa, akaambiwa naam, akatoa bustani yake. Familia inayokopa ili kupika pilau la arobaini ingeyatazama haya mara mbili.

Ukishatoa, iache

Umar alimpa mtu farasi katika njia ya Mwenyezi Mungu. Yule mtu hakumtunza, na Umar akamkuta anauzwa, akadhani atampata kwa bei rahisi. Mtume akamkataza: usimnunue hata kwa dirhamu moja, anayerudi katika sadaka yake ni kama mbwa anayerudia matapishi yake.

Mwaka jana sokoni niliiona ile cherehani ya binti wa mjomba. Niliijua kwa mpini niliouchomelea mwenyewe. Ilikuwa nje kwa fundi wa mitumba, na bei aliyonitajia ilikuwa nusu ya niliyonunulia. Mkono ulikwisha kwenda mfukoni: niinunue, nimrudishie, nimuulize kwa nini. Nikamkumbuka yule farasi. Baadaye nilisikia kwa watu kwamba mwanawe alilazwa wiki mbili. Yeye hakuniambia na mimi sijamuuliza. Nilimuuliza tu mwenye duka la dawa la mtaani kwake kama kuna mtoto anayekuja kuchomwa sindano, na zimebaki ngapi za kulipia.